Penseli ya Wasyl

Nje ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Gari nimelichomeka kwenye umeme lisigande,
limelala pale uani kama mgonjwa wa dripu,
na Kanada yote, naona, imezima taa.
Mimi na blanketi mbili, soksi juu ya soksi,
nasoma jinsi watu wa mji mdogo wanavyouana.

Mji wenyewe kama huu wetu: barabara moja,
kanisa lenye kuba la bati,
duka liuzalo misumari na maziwa kaunta ileile.
Mkuu wa posta kaokotwa ndani ya kihenge cha ngano,
viatu vyake vimepangwa nje, kisigino kwa kisigino.
Nani apangaye viatu vya maiti?
Chai imepoa. Siinuki.

Raha ya kitabu hiki ni kuwashuku majirani bila dhambi.
Kiongozi wa kwaya anatabasamu mno.
Mke wa fundi matrekta amefua mapazia
katikati ya Januari: kwa nini?
Huku kwetu ningetoa salamu nikapita;
humo nachungulia kila dirisha,
naonja supu zao, nahesabu visu vyao.

Ukurasa wa sitini na moja, pembeni, kwa penseli:
"Ni daktari wa mifugo."

Nikakitupa. Nikamlaani msomaji huyo
hadi kizazi cha saba.
Kisha nikakiokota (nani angelala?)
nikautazama mwandiko: ile m yenye kibiongo,
m ya vikaratasi mlangoni, "niazime ngazi yako".
Wasyl Hrynchuk, jirani yangu miaka thelathini,
aliyebishana hata na utabiri wa hali ya hewa.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili,
stakabadhi ya mbegu za kitani, ya Oktoba.
Kuanzia hapo kurasa zimenyooka, hazijaguswa.
Oktoba ndiyo tuliyomzika.

Basi nikapunguza mwendo.
Penye giza nilisoma kwa sauti.
Saa tisa usiku nikafika mwisho,
na daktari wa mifugo, maskini,
hakuua hata kuku.

Bi Odarka wa maktaba atanikunjia uso, na akunje.
Nimechonga penseli,
nimerudi ukurasa wa sitini na moja,
na chini ya maneno yake nimeandika:
"Umekosea tena, Wasyl. Tazama viatu."