Daftari la Getini

Saa kumi na dakika ishirini, alfajiri.
Mazengo hana haraka ya kufungua.
Analaza rungu, analowesha kidole,
anatafuta ukurasa: Jina. Namba ya gari. Sababu.
Gari sina. Anachora kistari.
Kwenye sababu, mwezi wa tatu huu,
neno lile lile kwa kalamu ya bluu:
Kukimbia.

Siku ya kwanza aliniuliza,
"Unamkimbia nani, mama Tumsifu?"
Sikuwa na jibu. Zuri sina hadi leo.
Nina miaka arobaini na minne,
nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo,
kutwa kwenye stuli, nahesabu bolti za watu.
Nilitaka, labda, kitu kimoja kirefu
kiwe changu, kisichokatiwa risiti.

Raba nilizipata Karume, elfu kumi na nane,
baada ya kujifanya naondoka mara mbili.
Ndani mna unyayo wa mtu:
vidole vitano vilivyozama kwenye sponji,
kidole gumba kikubwa kuliko changu.
Miezi mitatu nakanyaga alipokanyaga.
Sijui alikimbilia wapi, wala kama alifika.

Kijitonyama imelala, ila wafagiaji
na mama wa vitumbua
anayepepea mkaa kwa mfuniko wa ndoo.
Mbwa wa pale Sayansi ananijua,
hubweka mara moja, kutimiza wajibu.
Vijana wa bodaboda hawajachoka:
"Mama, kakuibia nini?
Panda, tumfukuze!"

Joto la Dar haliji, linakuwapo.
Jua halijatoka, lenyewe limeshasimama barabarani
kama mwenye nyumba siku ya kodi.
Kufika Mwenge fulana imeshiba maji,
kisha mlima wa Chuo unaanza,
ule ambao ukiwa ndani ya gari hauonekani.
Naupanda kwa hesabu za dukani:
bolti, nati, wosha. Bolti, nati, wosha.
Kwenye wosha natoa pumzi.

Jumapili iliyopita zilikuwa thelathini na mbili.
Nikaenda Morocco, nikavuka Daraja la Tanzanite,
nikageukia Posta, nikarudi,
nikaongeza Mlimani
kwa kiburi.
Kwenye ya ishirini na saba, Sinza,
mguu wa kushoto ukagoma.
Haukujikwaa, haukuteguka. Uligoma tu,
kama mtoto aliyenyimwa kitu sokoni.
Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro
mbele ya karakana ya majeneza.
Fundi akafungua mlango, akaniona,
akanipima kwa macho toka utosini hadi miguuni.
Nadhani ni mazoea ya kazi.
Nikasimama.

Zilizobaki nilitembea, raba mkononi,
lami ikianza kuuma,
watu wa kanisani wakinipisha
na nguo zao zilizopigwa pasi.

Nilifika saa tatu kasoro.
Zamu ya Mazengo ilikwisha saa kumi na mbili.
Nilimkuta juu ya tofali, kibegi mapajani,
mwenzake amesimama pembeni hajui afanye nini,
daftari wazi, mstari wangu una saa ya kutoka
na pengo pale pa kurudi.
"Sikutaka kuacha wazi," akasema.
Kisha, "Leo niandike umekimbia?"

Nikatazama ndani ya raba.
Ule unyayo ulikuwa umelowa, na damu kidogo ya kucha.
"Andika ishirini na saba za kukimbia.
Tano za kutembea."

Akakitazama kisanduku. Kidogo.
Akaandika hivyo hivyo, herufi za kubana,
zikatoka nje ya mstari, zikapanda pambizoni,
akageuza daftari kuzimalizia.
Halafu, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu,
akarudi kwenye namba ya gari,
akachora kistari.