Toleo la Arobaini na Moja

Miaka ishirini na sita nanunua Radi,
tangu kibanda cha Lufunga pale Makoroboi,
kwa hiyo nina haki ya kunung'unika.

Amekufa mara tatu. Ya kwanza nililia,
ya pili nikakunja ukurasa,
ya tatu nikaendelea kumenya viazi.
Kifo kinachorudisha chenji si kifo.

Na huyu mchoraji mpya!
Misuli kama mawe ya Mabatini,
jiwe juu ya jiwe, shingo hakuna;
mikono kaificha nyuma ya joho
maana vidole vinamshinda.
Na bado kila Jumamosi natenga hela.

Nkwabi ndiye aliyejua vidole.
Toleo la arobaini na moja, ukurasa wa tisa:
Radi kaishiwa nguvu, yuko Kirumba mwaloni,
anawasaidia akina mama kuanua dagaa, mvua inakuja.
Hakuna ngumi, hakuna mlipuko.
Wino tu, mvua ya mshazari,
na dagaa mmoja kanasa kwenye joho.

Binti yangu kauliza, "Sasa ushujaa uko wapi hapa?"
Nikamwonyesha dagaa.
Akainama, akatazama sana.
"Sikio moja kalisahau," akasema.

Kweli.
Miaka yote hiyo.