Mlio wa Tatu

Tk-tk-tk chini ya miguu yangu, wiki mbili,
kutoka Burra hadi mashamba ya kondoo,
barua zikitetemeka kwenye kiti cha abiria.
Fundi wa Clare hakuinua hata boneti vizuri.
"Injini imekwisha, mama. Nunua nyingine."
Akataja bei. Nikamshukuru, nikaondoka na mlio wangu.

Colin Trewartha, jirani, hasikii.
Masikio aliyaacha kwenye machimbo ya mawe,
miaka ishirini ya baruti.
Aliniona nimeinamia usukani,
akaja, akalala chali kwenye changarawe yenye jalidi,
akaweka kiganja kwenye tumbo la gari
kama mkunga.
Kisha akatoa kalamu, akaandika mkononi mwake:
SI INJINI. FLAIWILI.

Basi tukalipandisha juu ya mataruma ya reli,
Julai, banda la bati, pumzi zetu zikionekana.
Propela ya mbele chini, ya nyuma chini
(gari livutalo kwa miguu yote minne hudai kila kazi mara mbili),
transfa chini, mafuta mekundu
kwenye beseni la kuogeshea mbwa.
Bolti za juu za giaboksi haonekani anayeziona;
alizifunga mtu aliyejua hatazifungua yeye.
Nikaunga nondo tatu za soketi,
nikazitafuta gizani kwa matusi.

Giaboksi ikashuka juu ya jeki na godoro kuukuu,
nzito kama ng'ombe aliyegoma.
Na ndani, kumbe, sahani tu.
Gari la kujibadilishia gia halina lile gurudumu nene,
lina bamba jembamba, meno pembeni,
na ufa ulikuwa umezizunguka bolti za katikati
karibu ukutane na mkia wake.
Wahenga walisema tuzibe ufa.
Huu hauzibwi. Huu unatupwa.

Bamba jipya lilikuja kwa posta.
Nikalileta mwenyewe, nikajitilia sahihi.

Kurudisha ndiyo kazi.
Konveta hukaa mahali pake kwa milio mitatu.
Nikaisukuma, nikaizungusha. Ko. Ko.
Nikasema imeingia, nikashika spana.
Colin akatikisa kichwa, kiganja bado kiko pale,
vidole viwili juu, cha tatu amekikunja.
Nilimbishia, mimi mwenye masikio.
Akaketi juu ya ndoo, akangoja.
Nikaizungusha tena, polepole,
kama mtu afunguaye sefu asiyojua namba zake,
ikazama unene wa kidole.
Sikusikia kitu.
Yeye ndiye aliyetabasamu.

Jumapili usiku niliwasha.
Colin mkono kwenye boneti, macho amefumba,
mimi nikiusubiri ule mlio
hata baada ya kujua haupo.

Jumatatu nilipeleka barua za siku tano.
Bi. Pascoe akaigeuza bahasha yake,
dole gumba langu jeusi juu ya stempu.
"Ulikuwa likizo?"
Nikamwambia ndiyo.