Mimi ni Ipi?

Buyende, mwezi wa nne, njia imelowa.
Nimebeba mizani, sindano, dodoso la kurasa tisa
na hadithi ya kupimia kusoma: mbuzi aliyekula kofia.

Naigaga, miaka minane, alitoa kidole bila kulia.
Tone likatua kwenye kioo.
Hadithi akaisoma hadi "mbuzi akala",
akanyamaza. Kofia hakuiweza.
Nikaandika. Malaria: ndiyo.
Siku alizokosa shule: kumi na moja.

Bibi yake, Kagoya, alikuwa akianika mihogo.
"Mwaka juzi walikuja wengine," alisema,
"wakatupima mpaka mikono. Majibu wameyala?"
Dodoso halikuwa na kisanduku cha swali hilo.

Makerere, usiku, feni inakoroma.
Jina lake nililifuta, sheria ndivyo isemavyo;
akawa namba,
akawa nukta kati ya nukta mia nne
zinazoteremka pamoja: homa ikipanda, kusoma kunashuka.
Msimamizi akausifu mteremko.

Nilirudi na karatasi moja, kwa nauli yangu mwenyewe.
Kagoya akaigeuza, akatazama nyuma.
Hamna kitu.
Naigaga akachuchumaa:
"Mimi ni ipi?"

Sijui. Nilisomeshwa nisijue,
ndiyo maadili ya kazi.

Basi akachagua mwenyewe
ile iliyojitenga huko juu, peke yake,
ile niliyoshauriwa niitoe kwa kuwa inaharibu mstari.
Akaiwekea kidole kilekile nilichokichoma.
"Hii," akasema.

Mpaka leo sijaitoa.