Deni la Malampaka

Treni iliondoka sijamlipa.
Mama wa karanga akakimbia hatua saba, nane,
sinia kichwani halikutikisika,
kisha akasimama.
"Utarudi," alisema. Hakuuliza.

Mwanza nikauza vitenge,
nikala sato mzima Kirumba, miguu ziwani,
bei zote nikazisahau.
Ganda moja la karanga lilikataa kutoka jinoni.

Jumapili usiku breki zikalia. Giza.
Nikatoa noti dirishani: "Karanga za Jumatano!"
Mkono mdogo ukaipokea.
"Kumbe ni wewe? Mama Ng'washi kanituma,
nimeshauliza mabehewa sita."
Akaanza kuhesabu chenji, sarafu kwa sarafu,
kwa tochi ya simu,
behewa likashtuka, likavutwa.

Mia tano yangu iko Malampaka.