Kirukatope

Nilipotamka "kunguni wa ufukweni"
Bi Mashavu akazuia mlango kwa mguu:
"Kwangu hawalali!"

Nikamwonyesha kichupa. Si wa kitandani, mama.
Huyu hukaa topeni, kule Sahare, maji yakipwa,
mweusi wa madoa, kama sinia iliyobanduka rangi.
Ukimnyemelea anaruka, anaruka tena,
kiganja kinabaki na tope.

Wiki mbili, nimepata kumi na mmoja.
Chini ya lenzi nahesabu vijumba
kwenye utando wa bawa:
vinne, spishi hii;
vitano, ile.
Wa saba kanivuruga:
bawa la kulia vinne,
la kushoto vitano.

Bi Mashavu akatua kikombe, akachungulia,
jicho moja kalifumba.
"Ana miguu sita?"
Sita.
"Anaruka?"
Alikuwa akiruka.
Akanitazama kidogo.
"Basi ni kirukatope," akasema,
akaenda kugeuza maandazi.

Nimeandika kwa penseli, wino bado:
Sahare, Tanga. Bamvua. Ukingo wa mikoko.
Penye jina pana mstari mtupu,
na chini yake, kwa herufi za kujificha,
neno la Bi Mashavu.
Mafuta ya andazi yameligusa.
Silifuti.