Maili Kumi na Tisa

Ilikohoa maili mbili baada ya Altnaharra,
kikohozi kikavu, cha mtu anayetaka kusema jambo kanisani.
Nikajua. Mkono wa kushoto ukashuka chini ya goti,
ukapapasa koki, ukaigeuza:
akiba.
Pikipiki ikasita, ikameza, ikaendelea.

Tangu hapo barabara haikuwa tena barabara.
Ilikuwa hesabu.

Lairg, maili kumi na tisa.
Lita moja na nusu, kama kitabu hakidanganyi.
Kila lita maili kumi na tatu, kama upepo hauko usoni.
Upepo ulikuwa usoni.
Tena Jumapili, na sikukumbuka
kama Jumapili pampu hufunguliwa.

Akiba haiozi, tuliimbishwa darasa la tatu.
Petroli huoza.
Ikilala miezi chini ya tangi hugeuka rangi ya chai,
hukusanya kutu na matone ya maji,
na siku ukiiita huja na uchafu wake wote.
Hayo niliyajua kwa pikipiki hii,
niliyoinunua kwa mjane aitwaye Effie
aliyekataa kupunguza hata pauni tano
kisha akanipa glavu za marehemu bure.

Chini ya kiti Murdo alibandika karatasi, akaandika kwa penseli:
Akiba: 34, peke yangu.
Akiba: 27, na Effie.
Akiba: 19.

Hiyo ya mwisho haina maelezo.
Labda tangi lilitoboka. Labda alibeba saruji.
Labda hakuishiwa, alisimama tu kutazama paa,
akaona vyema arudi.
Nilimuuliza Effie. Akasema,
"Murdo hakujua kukadiria kitu chochote.
Kwa nini unadhani aliandika?"

Nikainama mpaka kidevu kikagusa tangi.
Maili arobaini kwa saa, zisizidi.
Penye mteremko nilibana klachi, nikazima injini,
nikateleza na sauti ya matairi peke yake,
na kondoo wakageuka, hawajazoea
kitu kikubwa kinachopita bila kelele.

Karibu na Crask nilisimama.
Nikaitikisa katikati ya mapaja, nikatega sikio.
Hivyo ndivyo mama alivyolitikisa jiko la mafuta ya taa, Chumbageni,
amefumba macho, ameliinua hadi kwenye shavu.
"Linatosha maharage," atasema. Au: "Hili la chai tu."
Hakukosea kamwe.
Au alipokosea tulitafuna maharage magumu, kimya.

Mimi nilisikia: chwa.
Chwa moja. Sikuelewa kama ni maharage au ni chai.

Yaliyofuata siwezi kuyasimulia vizuri.
Nilikuwa natazama namba, sikutazama nchi.
Watu husafiri toka mbali kuja kuona ile milima;
mimi nilipita nikiwa nimeinamia kioo cha maili
kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.
Kumi na nne. Kumi na sita, ikakohoa tena,
nikaipapasa shingoni, nikasema tafadhali
kwa Kiswahili, maana Kiingereza hakikunijia.

Pampu ilikuwa wazi.
Tangi ni la lita kumi na moja;
msichana wa pampu alijaza hadi shingoni,
namba ikasimama kwenye kumi na nukta saba.
Kilichobaki kingeenea kikombe.

Nikaomba penseli.
Chini ya 19 ya Murdo nikaandika yangu:
19, peke yangu, upepo usoni, bado.

Usiku, Inverness, nimeshaoga, nimeshalala,
nikafumbua macho.
Nilikuwa nimejaza tangi, nimeandika hesabu, nimeshukuru,
na koki nimeiacha palepale kwenye akiba.

Nikashuka ngazi na kandambili, mvua inanyesha,
nikapiga goti kwenye kokoto,
nikairudisha.